Daftari la Chifu na Macho Tusiyoyaona

Katika nchi ya majani chai, kutoka Kericho mjini hadi Litein, Sotik na Bomet, ni vigumu kumpata mtu mzima ambaye hajahesabiwa. Mchumaji huitwa jina alfajiri kabla ya kuingia shambani, na jioni kilo zake huandikwa mbele ya mizani. Mkulima mdogo ana nambari yake kwenye kituo cha kununulia majani, na kwa nambari hiyo hupokea malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka. Sisi tuliokulia huku tuliona kuandikwa kuwa sehemu ya kazi, sawa na mvua ya alasiri. Ndiyo sababu, nadhani, tulichelewa kutambua kuhesabiwa kulipogeuka kuwa kuchunguzwa.

Nikitazama nyuma, naona tofauti moja kubwa kati ya zamani na sasa. Zamani aliyetuandika tulimjua. Karani wa mizani tulijua kwao na tulijua ana watoto wangapi. Chifu alikaa ng'ambo ya mto, na ng'ombe wake walinywa maji mahali tulipoteka. Akikuonea, ulijua ni nani aliyekuonea, na wazee walikuwa na mahali pa kumpelekea malalamiko. Siku hizi anayetuandika hatumjui, hatujui ameandika nini, wala hatujui anampa nani.

Sisemi zamani kulikuwa na uhuru. Zamani kulikuwa na ukatili mwingi, na wazee wetu walitusimulia.

Babu yangu alikuwa wa kizazi kilichovaa kipande shingoni. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikatiliwa nguvu nchi nzima. Kila mwanamume alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kijikebe cha chuma. Mzungu hakubeba. Aliyekutwa bila kipande alifungwa au kutozwa faini, na aliyetoroka kazi alisakwa kwa alama za vidole vyake. Harry Thuku alipoongoza upinzani dhidi ya kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, alikamatwa Machi 1922, na polisi wakawapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Miaka michache baadaye, 1924 na 1925, makampuni makubwa ya chai yalianza kujikita Kericho. Mashamba hayo yalilimwa na watu waliovaa vijikebe vile, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis wengi waliondolewa kwa nguvu.

Lakini kisa ambacho nyanya yangu, au kogo kama tulivyomwita, hakukisimulia kwa sauti ya kawaida kilikuwa cha Watalai. Ukoo wa Talai ndio uliotoa maorkoiyot, viongozi wa kiroho waliosikilizwa na Wanandi na Wakipsigis. Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kupinga reli na utawala wa Waingereza, aliuawa mwaka 1905 katika mkutano alioitiwa kwa ahadi ya mazungumzo. Serikali ya kikoloni iliendelea kuwaona watu wa ukoo wake kuwa hatari. Iliwashutumu kwa wizi wa mifugo, uchawi na uchochezi. Mwaka 1934 ikatunga sheria mahususi ya kuwaondoa, Laibons Removal Ordinance. Kwa sheria hiyo, haikuhitajika kuthibitisha mahakamani kwamba fulani ameiba au amechochea. Kuzaliwa Talai kulitosha.

Karibu watu 700, wanaume, wanawake na watoto, walihamishwa kutoka nyanda za baridi za Kericho na kupelekwa Gwassi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Joto lilikuwa kali, mbung'o waliua mifugo, na malaria iliwaua watu ambao hawakuwa wameizoea. Walikaa huko kwa miaka mingi. Waliporudi, wengine uhuru ukikaribia, hawakupata ardhi ya kurudia. Vizazi vyao vimeishi kwa kubanana kandokando ya mji wa Kericho, wakiyatazama mashamba ya chai yasiyo yao. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu dhuluma hiyo, na mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliifikisha kesi kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Narudia kisa hiki kwa sababu kina somo ambalo hatuhitaji kulitafuta mbali. Ili serikali iuondoe ukoo mmoja na kuwaacha majirani zake, ilibidi kwanza ijue nani ni nani: fulani ni mtoto wa nani, ameoa wapi, anakaa kilima kipi. Maswali hayo yakiulizwa na karani yanasikika ya kawaida kabisa. Wiki ile yalipoulizwa, huenda hakuna aliyeogopa. Uchungu ulikuja baadaye, orodha ilipokwisha kukamilika, na neno lililoandikwa juu ya sheria likiwa ni usalama.

Mimi nilikulia kwenye kambi ya wafanyakazi, katika nyumba ya chumba kimoja iliyokuwa mali ya kampuni. Nyumba yako haikuwa yako. Mgeni akilala kwenu zaidi ya usiku mmoja, nyapara alijua. Ukifukuzwa kazi, ulifukuzwa na kitanda chako siku hiyo hiyo. Nje ya lango la shamba alitawala chifu, na katika miaka hiyo chifu alikuwa serikali nzima ndani ya mtu mmoja. Sheria ya Mamlaka ya Machifu, iliyotungwa 1937 na kurithiwa na serikali ya uhuru bila kubadilishwa sana, ilimpa uwezo wa kuzuia mikusanyiko, kuwatoa watu kwenda kufanya kazi za lazima na kumkamata aliyemkaidi. Daftari lake jeusi tuliliogopa kuliko bunduki ya askari wa utawala aliyesimama nyuma yake.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, hofu iliingia hadi jikoni. Baba aliwasha redio kusikiliza idhaa ya Kiswahili ya London, na mama aliishusha sauti kila mbwa alipobweka. Tulijifunza tukiwa wadogo kwamba kuna majina hayatajwi. Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, mtoto wa Wanandi ambao ni ndugu zetu, alikuwa ametolewa Bungeni na kuwekwa kizuizini bila mashtaka mwaka 1975 pamoja na Martin Shikuku, kwa maneno yaliyosemwa ndani ya Bunge lenyewe. Ikiwa mbunge alichukuliwa hivyo, mchumaji angesema nini?

Kilele cha kuonekana kilikuwa mlolongo wa 1988. Kura ya mchujo ya chama tawala, KANU, haikupigwa kwa siri. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, kila mtu akionwa na kila mtu. Baba alisimama kwenye foleni ya mtu ambaye hakumtaka, kwa sababu nyapara wake alisimama mwanzo wa foleni hiyo, akiwatazama wanaokuja. Alirudi nyumbani akala kimya. Sikumwelewa siku ile. Leo namwelewa: alikuwa amenyang'anywa kitu ambacho hata kipande hakikumnyang'anya babu, nacho ni nafasi ya kuwa na fikira yake mwenyewe bila kuadhibiwa.

Halafu mambo yakabadilika, na hayakubadilika yenyewe. Watu walifungwa, walipigwa, wengine walikufa. Mwishoni mwa 1997, chini ya makubaliano ya vyama yaliyoitwa IPPG, Bunge liliondoa kizuizini bila mashtaka, likafuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali, likayapunguza mamlaka ya machifu, na mikutano ya hadhara ikaacha kuhitaji leseni. Mwaka 2010 tukapata Katiba mpya. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, asilazimishwe kutoa habari za familia yake au mambo yake binafsi pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe.

Ni vyema kukumbuka kwamba eneo letu lilipiga kura ya Hapana kwa wingi katika kura ile ya maoni ya Agosti 2010. Watu wa Kericho na Bomet walikuwa na sababu zao, hasa hofu kuhusu ardhi. Lakini Katiba haikuuliza nani alikuwa nyekundu, rangi ya Hapana, na nani kijani, rangi ya Ndiyo. Mtoto wa aliyeikataa analindwa nayo sawa na mtoto wa aliyeitaka. Huzuni yangu ni kwamba baada ya kuipata, tuliiona kama shamba lililokwisha kupaliliwa, tukaenda kulala. Magugu hayalali.

Tulikuwa tumepata onyo miaka miwili tu kabla. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, vijana kwenye vizuizi vya barabara katika Bonde la Ufa waliwataka abiria watoe vitambulisho. Kitambulisho chetu kilikuwa na jina, wilaya ya kuzaliwa, tarafa na lokesheni. Habari zilizokusanywa ili raia ahudumiwe zilitosha kuamua nani apite na nani apigwe. Ndani ya mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi waliotoka kwingine walishambuliwa kwenye kambi zao. Baadhi yao waliishtaki kampuni ya Unilever London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaikataa kesi yao. Aliyewahi kuzishuhudia ghasia zile barabarani hawezi tena kuniambia kwamba habari iliyoandikwa kwenye kadi ni kitu kidogo.

Kisha likaja wimbi la ugaidi. Westgate Septemba 2013, watu 67 wakauawa. Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Woga wetu ulikuwa wa haki na serikali ilikuwa na wajibu wa kutulinda. Hata huku kwetu, mpakani Sondu na kule Sotik na Borabu, tunajua thamani ya polisi anayefika mapema. Lakini katika woga huo mlango ulifunguliwa. Baada ya Westgate tukaambiwa tujipange kwa Nyumba Kumi, majirani wajuane na kuripoti wageni. Desemba 2014 Bunge likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama katika kikao cha ngumi na karatasi zilizochanwa. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vifungu 8 vya sheria hiyo, vikiwemo vilivyovibana vyombo vya habari na kile kilichoweka kikomo cha idadi ya wakimbizi. Tulishangilia. Wachache waliona kwamba vifungu vilivyoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ya watu kwa ajili ya kupambana na ugaidi vilibaki.

Mwaka 2019 ikaja Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu. Mwaka uliotangulia, sheria ya usajili wa watu ilikuwa imerekebishwa kimyakimya, ndani ya mswada wa marekebisho mengi madogo madogo, ili serikali iweze kukusanya hata vinasaba vyetu na alama ya mahali hasa tunapokaa. Huku kwetu machifu walitangaza barazani: asiye na Huduma Namba atakosa huduma. Watu wakaacha majani yakizidi kukomaa shambani wakaenda kupanga foleni. Nchi nzima waliandikishwa zaidi ya watu milioni 36.

Waliosimama kuuliza walikuwa wengine. Jukwaa la Haki za Wanubi, watu wa Kibera ambao kwa miongo wamehojiwa na kamati za ukaguzi kabla ya kupewa kitambulisho cha nchi walimozaliwa, lilikwenda mahakamani pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na tume ya taifa ya haki za binadamu. Aprili 2019 mahakama ikazuia serikali kumlazimisha mtu yeyote au kumnyima huduma. Tarehe 30 Januari 2020, majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir wakaamua kwamba ukusanyaji wa vinasaba na alama za mahali ulivunja Katiba, na mpango hauwezi kuendelea bila kanuni za kuulinda. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imetiwa saini Novemba 2019, kesi ikiendelea. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi zenyewe, kwa kuwa serikali haikuwa imepima kwanza madhara yake kwa taarifa za watu. Mwaka 2023 mpango ukarudi kwa jina jipya, Maisha Namba.

Hapa ndipo majuto yangu yanaponichoma. Wanubi waliuliza kwa sababu walikumbuka. Sisi pia tulikuwa na la kukumbuka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tuliumwa mwaka 1934. Tungekuwa wa kwanza kusimama barazani na kuuliza: orodha hii itakaa wapi, nani ataifungua, na serikali ya kesho ikituchukia itaifanyia nini? Hatukuuliza. Tulipanga foleni, tukaweka vidole, tukarudi shambani.

Sasa tazama tulipofika. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, hata Kericho, nyumbani kwa waliompa rais kura nyingi kuliko kawaida. Baadaye wengi wao wakaanza kutafutwa mmoja mmoja. Magari yasiyo na alama, wanaume waliofunika nyuso, simu iliyozimwa ghafla. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa hawajulikani walipo. Mchoraji wa vivuli vya rais, Gideon Kibet, anayejulikana kama Kibet Bull, alitoweka mwezi huo pamoja na ndugu yake, wakaonekana tena Januari. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang, mwenye umri wa miaka 31, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na muda mfupi baadaye alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Homa Bay, kaunti ile ile ambako Watalai walitupwa. Na mwaka huo huo watafiti wa Citizen Lab wa Toronto walikuta programu ya upelelezi ndani ya simu za watengenezaji filamu wa Kenya, iliyowekwa wakati simu hizo zilipokuwa zimeshikiliwa na polisi.

Baba alishusha sauti ya redio. Wajukuu zake watashusha nini? Simu inajua walipolala, waliyemtumia pesa, waliyecheka naye na walichocheka. Laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho. Kitambulisho kimefungwa kwa alama za vidole. Mkulima naye ameandikwa na serikali ili apate mbolea ya bei nafuu, na aliyeiongoza kazi hiyo vijijini ni chifu yule yule, mara hii akiwa na kifaa badala ya daftari. Kila moja ya orodha hizi ina faida yake, na mimi mwenyewe nimenufaika na baadhi yake. Zikiunganishwa bila sheria inayoheshimiwa na bila mtu wa kuulizwa, zinampa mwenye nchi uwezo ambao gavana wa kikoloni wa 1934 hakuuota.

Tofauti njema ipo pia, na sitaki kuificha. Babu hakuwa na mahakama ya kuikimbilia dhidi ya kipande. Watalai hawakusikilizwa na jaji kabla ya kupelekwa Gwassi. Sisi tuna Ibara ya 31, tuna Kamishna wa Ulinzi wa Data, tuna maamuzi ya 2015, 2020 na 2021 yanayoonyesha kwamba serikali inaweza kuambiwa hapana na ikalazimika kusikia. Kilichopungua ni watu wa kuzitumia sheria hizo, hasa vijijini ambako neno la chifu bado linaishia hapo hapo.

Kwa hiyo nawaomba watu wa kwetu, wachumaji na wakulima, walimu na vijana wa bodaboda. Afisa akija kuandika jina lako, muulize ni sheria gani inayomtuma, taarifa zitakaa wapi na nani atazipata. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kujibiwa. Polisi akiitaka simu yako, muulize hati ya mahakama. Mtoto wa jirani akichukuliwa usiku, msikae ndani mkingoja kujua alikuwa wa chama gani. Andikeni nambari ya gari, piteni kituo hadi kituo, tafuteni wakili, semeni jina lake hadharani. Mbunge akirudi kuomba kura, mwulizeni alipiga kura ipi siku ya mswada wa usalama. Na wazee wenzangu, wasimulieni wajukuu habari za Gwassi wangali wadogo. Serikali yoyote, hata tuliyoichagua sisi wenyewe, lazima iulizwe inapotaka kutujua kuliko inavyotaka sisi tuijue.